Kuanzia pepa ya mwisho mpaka Julai

Haya niliyasema kwenye mahafali ya kidato cha nne, shule moja ya kata hapa Dodoma mjini. Wazazi wawili watatu waliniomba niyaandike kwa sababu upepo ulikuwa unapiga turubai na waliokaa nyuma hawakusikia vizuri, kwa hiyo nimeyaandika kama nilivyoongea.

Mbukwenyi!

Shikamooni wazee wangu, shikamooni walimu. Mkuu wa shule, bodi, mtendaji wetu wa kata, wazazi na walezi, itifaki izingatiwe maana nikianza kutaja mmoja mmoja jua litatukuta hapa hapa. Na nyie wanangu mnaohitimu, hamjambo? Haya.

Mimi ni fundi. Nina karakana ya milango na madirisha ya aluminiamu kule Kizota, na vijana tisa nafanya nao kazi. Mwalimu aliponipigia akasema mama njoo uwape watoto nasaha za maisha baada ya shule, nikamwambia mwalimu nasaha wameshapewa nyingi, mimi niruhusu niongelee kitu kimoja tu, ile miezi inayoanza ukishaweka kalamu chini kwenye pepa yako ya mwisho mwezi wa kumi na moja mpaka Julai wenzako wanaporipoti fomu faivu. Hiyo tu.

Hebu hesabuni wenyewe. Desemba, Januari, Februari, Machi, Aprili, Mei, Juni. Miezi saba na siku za juu yake. Matokeo yanatoka Januari, lakini hata waliofaulu wanaendelea kukaa nyumbani mpaka Julai. Na katika hiyo miezi yote hakuna kengele, hakuna mwalimu wa zamu, hakuna mtu anayeita majina asubuhi. Shule imemalizana na wewe, nyumbani ukiulizwa huyu anafanya nini siku hizi jibu ni "anasubiri matokeo", na matokeo yakishatoka jibu linakuwa "anasubiri kupangiwa" na ambaye hakupangiwa basi hata hilo jibu hana, anakuwa yupo yupo. Mimi nimeishi mtaa wa Chang'ombe, nimeishi Nkuhungu, na vijana wengi niliowaona wakipotea hawakupotea darasani, walipotelea hapo katikati. Binti anamaliza Novemba akiwa mzima na daftari zake, Agosti unamkuta ana mimba na aliyempa hayupo. Kijana anaanza kukaa kijiweni ili apate kampani tu, kesho anatumwa kitu, keshokutwa anatumwa kingine, mwisho polisi. Hawa si watoto wabaya jamani. Walikosa mtu wa kuwaambia kesho asubuhi njoo hapa.

Na mimi nilikuwa mmoja wao ndo maana naongea hivi.

Nimezaliwa Mpunguzi, barabara ya Iringa, kwa wakulima wa zabibu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2002, wakati huo shule za kata hazijasambaa kama sasa, kupata sekondari tu ilikuwa ni habari ya kijiji kizima. Nikapata divisheni foo. Nikakaa nyumbani. Nilikuwa napalilia, nachota maji, navuna zabibu mwezi wa nane (si mnajua kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka), na kichwani nilikuwa najiona maisha yangu yameisha na nina miaka kumi na nane. Hakuna aliyeniuliza unataka nini wala unaweza nini. Baba yangu alinipenda sana lakini yeye alijua zabibu na mbuzi, hakujua mjini mtu anaanzia wapi.

Ndipo akaja mtu na habari ya chuo. Chuo cha ukatibu muhtasi na kompyuta, mjini hapa, miezi sita unatoka na cheti unaajiriwa ofisini. Sitakitaja jina. Baba aliuza mbuzi saba na nakumbuka ni saba kwa sababu nilisaidia kuwafunga kamba kuwapeleka mnadani. Tukafika chuoni ni vyumba viwili vya kupanga, kompyuta nne, mbili haziwaki. Mwezi wa tano mlango ulikutwa una kufuli na mwenyewe hayupo. Cheti sikupata, na hata ningepata kisingenifikisha popote kwa sababu chuo chenyewe hakikuwa kimesajiliwa. Sikujua kama kuna kitu kinaitwa usajili, na baba hakujua, na hatukuwa na mtu hata mmoja wa kumuuliza. Wazazi mlioko hapa nawaomba sana, na ntarudia mpaka mnichoke, kabla hujatoa hata mia tano ya ada ya chuo cha ufundi au chuo cha kati hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, lile baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, orodha ipo kwenye tovuti yao, na kama hujui kuingia intaneti muombe mwalimu wa hapa akuangalizie, ni dakika tano. Dakika tano zingeokoa mbuzi saba wa baba yangu.

Kurudi kijijini niliona aibu, nikabaki mjini kwa shangazi, nikapata kibarua kwa mama mmoja aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Kufagia, kupanga misumari, kubeba. Huyo mama ndo aliyenifanya niwe hivi mnavyoniona, na ngoja niwaambie kitu gani hasa alifanya, kwa sababu mtu akisikia kumlea kijana kikazi anadhani ni lazima umlipie ada au umtafutie ajira. Hakunilipia ada. Alifanya hivi, siku moja jioni ananiangalia ninavyopanga akaniambia wewe binti una mpangilio, kuanzia kesho utaandika kitabu cha mali, kinachoingia na kinachotoka. Akanikalisha pembeni yake wiki nzima akinionyesha. Nikikosea ananiita, tunahesabu pamoja misumari ya nchi tatu na nchi nne, hanigombezi mbele ya wateja. Halafu kukiwa na mafundi wanaenda saiti ananiambia nenda nao kaangalie, ukirudi uniambie umeona nini. Kila nikirudi ananiuliza, umeona nini? Na mimi kwa sababu najua ataniuliza, nikawa naangalia kweli kweli. Hapo ndipo nilipoona fundi anapima dirisha kwa mara ya kwanza.

Unaona eeh. Mtu mzima mmoja ambaye si ndugu yangu, ana shughuli yake, akaniruhusu nisimame karibu na hiyo shughuli na akawa ananiuliza. Baadaye ndo zikaja kozi fupi za jioni VETA, baadaye ndo nikaajiriwa, 2015 nikafungua changu kidogo na mwaka uliofuata Serikali ikatangaza inahamia Dodoma na mji ukalipuka kwa ujenzi. Watu wananiambia ulikuwa na bahati. Ni kweli, bahati ilikuwepo, uamuzi wa Dodoma kuwa makao makuu ni wa 1973 na mimi ndo nikawa na grinda mkononi wakati wenyewe unatekelezwa. Ila hiyo grinda nilifundishwa kuishika kabla.

Na hili la mji wetu nataka mlishike wanangu. Mwaka naanza mimi hakuna aliyekuwa anamwambia mtoto wa Dodoma akasomee mambo ya treni ya umeme, leo treni ya umeme inafika hapa toka 2024. Mtumba ilikuwa vichaka, leo ni Mji wa Serikali. Barabara ya mzunguko wa nje ni kilomita 112, uwanja wa ndege Msalato unajengwa, na kila jengo linalosimama linahitaji mtu wa umeme, wa maji, wa viyoyozi, wa kamera, wa usafi, wa kupika, wa kutunza mahesabu. Lakini hizo kazi hazitakufuata ulikolala. Na hutazijua kwa kuambiwa majina yake, utazijua kwa kuziona zinafanyika.

Hapa wilaya ya jirani, Kongwa, wazee wanaijua habari ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango mkubwa wa kulima karanga, wakaleta matrekta, wakaanza kung'oa mibuyu, hesabu zote zimeshapangwa kule kwao. Udongo wa Kongwa mvua ikikata unakauka unakuwa mgumu kama sakafu, na mvua zetu za huku kila mtu anajua zinavyokuja kwa kusuasua, mkulima yeyote wa Kigogo angewaambia, maana ndo maana babu zetu walilima uwele na mtama. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni kama milioni 36 zimeteketea. Trekta nzuri, udongo hawakuuliza. Sasa na sisi tunawafanyia watoto hivyo hivyo, mtoto anaambiwa tu utakuwa daktari, utakuwa mwanasheria, anajaza tahasusi kwa kuangalia rafiki yake kajaza nini, na hajawahi hata siku moja kukaa na mtu anayefanya hiyo kazi akamuuliza siku yako inaendaje.

Kwa hiyo nyie mnaohitimu, kazi yangu ninayowapa ndo hii. Mkimaliza pepa, pumzika wiki moja, lala, kula ugali na mlenda wa mama, umechoka una haki. Halafu tafuta mtu mmoja. Mmoja tu. Usitafute tajiri wala mtu maarufu, tafuta mtu anayefanya kazi unayoitamani au inayofanana nayo, na awe karibu ambako unaweza kufika kwa mguu au kwa daladala. Nesi wa zahanati. Fundi simu pale mjini kati. Bwana shamba. Mwenye mashine ya kukamua alizeti. Dereva wa greda. Mhasibu wa saccos. Mwalimu wako huyu huyu wa kemia. Nenda asubuhi kabla hajazidiwa na wateja, salimia vizuri, jitambulishe kwa majina mawili na unakotoka, halafu usimwambie naomba kazi, ukisema naomba kazi atakwambia hakuna na mazungumzo yameisha. Mwambie mimi nimemaliza kidato cha nne, naipenda hii shughuli, naomba nije siku mbili kwa wiki niangalie na nisaidie kusafisha. Atakayekataa, mshukuru nenda kwa mwingine. Mimi niliwahi kukataliwa sehemu nne kabla ya yule mama wa duka, na kijana mmoja ninaye sasa hivi alikuja getini kwangu mara tatu, ile ya tatu ndo nikamwambia ingia.

Ukishakubaliwa, uliza. Kuuliza ndo kusoma kwenyewe huko nje. Ila usiulize tu unalipwa shingapi. Muulize alianzia wapi na ilimchukua muda gani mpaka akaanza kula kupitia hiyo kazi. Muulize kitu gani kwenye kazi yake hakipendi, hapo ndo utasikia ukweli. Nina binti wa rafiki yangu alikuwa anataka udaktari tu, hataki kusikia kingine, nikamwombea akae na mama mmoja muuguzi siku za likizo kwa ruhusa ya mkuu wa kituo, amkute hata kwenye mapumziko yake wazungumze. Binti aliporudi akaniambia mama, mimi kumbe kinachonivuta ni ile maabara, ile kuangalia kwenye darubini kujua mtu anaumwa nini. Alibaki kwenye sayansi, akaenda chuo cha kati akasomea maabara, leo yuko kazini. Hakupungukiwa kitu. Alijua mapema kabla ya kuzunguka.

Na kuwa na daftari. Naomba mnielewe hapa, sio simu, daftari. Simu utaishia wasapu.

Ngoja niwape mfano wa daftari. Miaka kadhaa nyuma alikuja kwangu kijana ana divisheni ziro. Amekaa mtaani mwaka mzima, haniangalii usoni akiongea. Baada ya miezi miwili nikamtuma na tepu akapime tundu za madirisha sita kwenye nyumba moja kule Ihumwa. Akapima, akaleta, tukakata fremu. Siku ya kufunga madirisha mawili hayaingii. Unajua kwa nini? Kila tundu alipima mara moja tu, pale katikati, mkono ulipofikia. Dirisha la kwanza katikati lilisoma 1203, akapunguza milimita tatu akaandika 1200. Lakini ukuta wa mtu haujanyooka hata siku moja, juu kulikuwa na 1198. Sasa fremu ya 1200 itaingiaje kwenye 1198? Haiingii hata uipige nyundo, utaikunja.

Alikuwa anatetemeka, anajua nitamfukuza, maana zile profaili, vile vipande vya aluminiamu vya fremu mbili, zilikuwa hela yangu na mteja amesimama pale. Nikamwambia shika tepu. Tukapanda wote. Soma juu. Soma katikati. Soma chini. Urefu nao, kushoto, katikati, kulia. Sasa kipi kidogo kuliko vyote? Hicho ndo unaandika, na hicho hicho ndo unakipunguza milimita tano za kupumulia, silikoni itajaza. Akaandika kwenye daftari lake kwa mwandiko mkubwa, MARA TATU CHUKUA NDOGO. Zile fremu tukazikata upya tukazitumia kwenye madirisha ya choo ya kazi nyingine, hasara haikuwa kubwa kama nilivyoogopa. Yule kijana hajawahi kurudia lile kosa, na leo ana vijana wake wanne anachukua saiti zake mwenyewe, akizidiwa na oda ananipigia ananipa na mimi. Mtihani amerudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, amepata vyeti vyake, na VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani wakamtambua rasmi, nao ameupitia. Ziro haikuwa mwisho wake. Lakini angeweza kuishia pale Ihumwa siku ile, kama ningeamua kupiga kelele.

Nasema hili kwa ajili ya nyie watu wazima zaidi kuliko watoto. Mnaosema vijana wa siku hizi hawashikiki, hawajui kazi. Wataijuaje? Yule wako umemwachia akosee mara ngapi huku umesimama naye? Tuna maduka, tuna mashamba, tuna ofisi, tuna gereji, na kila mmoja wetu hapa kuna mtu alimshika mkono. Mchukue mmoja. Sisemi kumi. Siku mbili za wiki, miezi mitatu. Mpe nauli kama anatoka mbali na chakula cha mchana, usimfanye kibarua wa bure, huko si kumlea ni kumnyonya, na usimpe mashine ya kukatia siku ya kwanza. Kwangu hakuna anayegusa mashine bila miwani na bila kufundishwa, na wanafunzi hawakati kabisa, wanapima, wanaandika, wanapanga, wanaangalia. Halafu jioni muulize umeona nini leo.

Kuna jambo nitalisema wazi kwa sababu nina mabinti. Kumkaribisha mtoto wa mtu kwenye kazi yako kunafanyika mchana, mlango wazi, mzazi anajua. Mabinti zangu, mtu akikwambia nitakusaidia kikazi lakini tukutane jioni sehemu fulani, au usimwambie mama, huyo hakusaidii, ondoka na umwambie mtu mzima siku hiyo hiyo. Na wavulana pia, msidhani hayawahusu. Wazazi, kabla mtoto hajaanza kwenda kwa mtu nenda wewe kwanza. Ione sehemu, ongea na mwenyewe, jua anafungua saa ngapi na anafunga saa ngapi. Mimi mzazi asipokuja simpokei mtoto wake, nimekataa kadhaa kwa hilo. Na ile miezi ya kusubiri ndo miezi wanakuja watu wa "kuna kazi nzuri Dar, nauli nalipa mimi". Mkoa wetu umetoa wasichana wengi sana kwenda kufanya kazi za ndani kwa namna hiyo, wengine walifika kwa watu wema, wengine mama zao mpaka leo hawajui walipo. Usimruhusu mtoto kuondoka na mtu ambaye hujui nyumba anayompeleka.

Halafu kuna hili la makaratasi, dogo lakini linaumiza. Leo ukifika nyumbani toa cheti chako cha kuzaliwa, kiweke pembeni ya majina uliyosajiliwa nayo mtihani. Herufi kwa herufi. Kama shuleni unaitwa jina la babu na cheti kina jina la ukoo, au kuna herufi imeongezeka mahali, anza kulishughulikia sasa hivi ukiwa na muda, maana ukija kuomba mkopo wa elimu ya juu bodi inataka cheti kilichohakikiwa RITA, ukitaka kitambulisho cha NIDA ukifika miaka kumi na nane nako wanaangalia majina, ukiomba ajira kwenye mfumo ndo kabisa. Kama huna cheti kabisa, na najua wapo hapa wasionacho, nenda ofisi ya RITA ya wilaya na mzazi wako. Hakuna kazi nzuri ya kuanzia hiyo miezi saba kama hii.

Walimu, nanyi nina ombi. Kozi ndefu za VETA mara nyingi zinaanza Januari na fomu zake zinatoka kabla, kwa hiyo mtoto anayengoja matokeo ndo aanze kuulizia anakuta nafasi zimeshajaa. Waambieni sasa, kabla ya mtihani, na msiwaambie kama vile ufundi ni wa walioshindwa. Mtaala huu mpya ulioanza 2024 umeweka mkondo wa amali, yaani wa ufundi, kabisa sekondari, maana yake hata Serikali imekubali kwamba mikono nayo inasoma. Mtoto mwenye divisheni wani anaruhusiwa kupenda kuchomelea. Na waliofaulu wajue fomu faivu na siksi za serikali hazina ada toka 2022, kwa hiyo asije mtu akaacha nafasi kwa kudhani nyumbani hawataweza ada, atafute tu vifaa na nauli. Na wakishafikisha umri, halmashauri zina ile asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, mikopo haina riba. Ila ntawaambia ukweli, mkopo unamfaa anayeijua kazi. Ukipewa milioni za kufuga kuku na hujawahi kukaa kwenye banda la mtu hata mwezi mmoja, ugonjwa ukipita mara moja kuku wamekwisha na deni la kikundi linabaki. Kaa kwanza kwenye banda la mtu.

Namaliza. Sikuja na zawadi ya vikombe wala vyeti, naomba mnisamehe. Nimekuja na nafasi tano. Nimeshaongea na mkuu wa shule na ameniahidi ataweka karatasi ofisini kwake, watano wa kwanza watakaoandikisha na wazazi wao wakaja kuniona, wasichana wasipungue wawili. Fundi mwenzangu wa umeme amekaa pale mstari wa pili, simama kaka wakuone, yeye amesema anachukua wawili. Mama lishe wetu wa pale stendi ameninong'oneza sasa hivi naongea kwamba yeye ana nafasi ya mmoja anayetaka kujua hesabu za mgahawa. Tayari ni nane, na bado nawaona watu wengine wenye shughuli zao wamekaa hapo chini ya turubai.

Kwangu tunaanza Jumatatu ya kwanza baada ya pepa ya mwisho. Geti linafunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Njoo na viatu vya kufunika vidole, nywele zimebanwa, na daftari jipya, kalamu ntakupa mimi. Na jioni kabla hujaondoka nitakuuliza umeona nini.